Usipake Rangi Juu ya Kuvu, Tafuta Maji Yanakotoka

HUANZA kwa doa dogo jeusi, mfano wa masizi ya kibatari, kwenye pembe ya chumba cha kulala chini ya kiyoyozi. Mama wa nyumba hulifuta kwa kitambaa. Juma la pili doa limerudi na wenzake. Mwezi ukiisha, ukuta umevimba, rangi inabambuka, nguo za kabatini zinanuka uvundo, na mtoto alalaye karibu na ukuta huo anakohoa usiku kucha. Hapo ndipo baba anaposhika njia kwenda dukani kununua rangi.

Ndugu msomaji, makala ya leo yana ombi moja kwako: rangi hiyo usiinunue kwanza. Kuvu si uchafu wa ukuta ambao ukifunikwa umekwisha. Kuvu ni shahidi anayekueleza kwamba kuna maji mahali yasipotakiwa kuwa. Ukimziba shahidi mdomo kwa rangi, maji yataendelea kuingia, na baada ya muda si mrefu utamwona tena, safari hii akiwa na jamaa zake wote.

Jambo hili linawagusa hasa wakazi wa Malindi, Watamu na Kilifi. Zamani viyoyozi, au eisi kama wengi wetu tunavyoviita, vilikuwa vitu vya mahoteli ya watalii, mabenki na afisi za wakubwa. Siku hizi vimeingia katika nyumba za kupanga na vyumba vya watu wa kawaida. Lakini wengi tumekinunua kifaa bila ya kuelezwa tabia yake moja kubwa.

Mtambo wa kukamua maji

Tabia yenyewe ni hii: kiyoyozi ni mtambo wa kukamua maji kutoka hewani. Wala hilo si bahati mbaya, kwani ndiyo kazi iliyofanya kibuniwe. Mwaka wa 1902 mhandisi kijana wa Kimarekani, Willis Carrier, alitakiwa kusaidia kiwanda kimoja cha uchapishaji huko Brooklyn, New York. Tatizo la kiwanda hicho halikuwa joto la wafanyakazi bali unyevu wa hewa. Karatasi zilivimba na kunywea, na rangi zilizochapwa moja baada ya nyingine zikawa hazikai mahali pake. Carrier alibuni mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba baridi ili unyevu uondoke. Ubaridi ambao leo tunaulipia kwa stima ulikuja pamoja na kazi hiyo ya kukausha hewa.

Sasa tufanye hesabu ya huku kwetu pwani. Chukua jioni ya kawaida yenye joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80. Kila mita moja ya ujazo ya hewa hiyo imebeba takriban gramu 22 za maji. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 3, kina mita 36 za ujazo. Kwa hivyo ndani ya chumba hicho, kabla hata hujaingiza gilasi ya maji ya kunywa, mna takriban gramu 780 za maji yanayoelea hewani, yaani zaidi ya robo tatu ya lita. Hewa hiyo ikipita kwenye mabomba baridi ya kiyoyozi, zaidi ya nusu ya maji hayo yaweza kugeuka matone. Na hewa mpya haiachi kuingia kupitia chini ya mlango na nyufa za madirisha, nao waliolala wanaendelea kupumua na kutoka jasho. Ndiyo maana kifaa kinachofanya kazi usiku mzima huweza kutoa lita kadhaa za maji.

Swali la kujiuliza basi ni moja tu: maji hayo yanakwenda wapi?

Maji hufuata mkondo

Ndani ya kifaa kilichotundikwa ukutani, chini ya mabomba baridi, kuna sinia jembamba la kupokea matone. Kutoka katika sinia hilo linatoka bomba dogo la plastiki, ambalo hupita ukutani na kumwaga maji nje. Hakuna pampu katika viyoyozi vingi vya nyumbani. Maji huteremka yenyewe. Basi chochote kinachozuia mteremko huo huyarudisha maji chumbani, na zipo sababu kadhaa zijulikanazo na mafundi.

Ya kwanza na iliyo ya kawaida zaidi ni bomba kuziba. Vumbi likichanganyika na maji hufanya utelezi mzito, na wadudu nao hupenda kujificha mle mwenye ubaridi. Sinia hufurika na maji hushuka ukutani.

Ya pili ni kichujio kilichojaa vumbi. Hewa ikikosa kupita vizuri, mabomba baridi hufanya barafu. Kifaa kikizimwa asubuhi barafu huyeyuka kwa pamoja na sinia hushindwa kuipokea. Upungufu wa gesi nao huleta barafu kama hiyo. Kwa hivyo ukiona barafu, usifurahi kwamba kifaa chako kina nguvu, kinaugua.

Ya tatu ni kazi mbovu ya fundi. Kifaa kimetundikwa bila ya kupimwa kwa pimamaji, kikainamia upande usio na bomba. Au tundu la ukutani limetobolewa likielekea ndani badala ya nje, hata mvua ya masika nayo ikapata mlango.

Ya nne ni sponji inayovishwa bomba la shaba kuchakaa kwa jua na chumvi ya bahari. Bomba hilo ni baridi sana, na likibaki uchi hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Likiwa limezikwa ndani ya ukuta, jasho hilo lote hunywewa na ukuta bila ya mtu kuona tone.

Ya tano ni jirani. Katika nyumba za ghorofa, maji ya kiyoyozi cha wa juu mara nyingi huachwa yateremke kwenye ukuta wa nje. Wewe wa chini unapiga rangi kila mwaka ilhali huna kiyoyozi hata kimoja.

Pana kosa jingine ambalo si la kifaa bali la mtumiaji. Katika jioni hiyo tuliyoipigia hesabu, kitu chochote kilicho baridi chini ya nyuzi 24 hivi hutoka jasho kikiguswa na hewa ya nje. Mtu anayeweka kiyoyozi kwenye nyuzi 16 kisha akawa anaacha mlango au dirisha wazi, anazigeuza kuta na kabati zake kuwa gilasi ya maji baridi. Nyuzi 24 au 25 na milango iliyofungwa hukutosha, na gharama ya stima hupungua pia.

Kifua cha mtoto

Huenda wewe waona haya yote ni mambo ya kupendezesha ukuta tu. La hasha! Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani. Baada ya kupitia uchunguzi wa nchi mbalimbali, lilieleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu au kuvu wamo katika hatari zaidi ya kupata matatizo ya kupumua, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Mbegu za kuvu ni vumbi laini lisiloonekana kwa macho. Kiyoyozi chenye kuvu ndani yake hulipuliza vumbi hilo moja kwa moja juu ya kitanda.

Mtu mzima mwenye afya aweza kupiga chafya kidogo na kusahau. Lakini mtoto mchanga, mzee, mwenye pumu na yule ambaye kinga yake ya mwili ni dhaifu wanahitaji kuhamishiwa chumba kingine mpaka kazi iishe. Mtoto akikohoa usiku na kupata nafuu kila anapolala kwa nyanya yake, usikimbilie kusema ni baridi tu. Mpeleke hospitali, na umweleze daktari hali ya chumba analolala. Daktari haoni ukuta wako mpaka umwambie.

Wakati huohuo tusitishane kupita kiasi. Wakenya wengi tukisikia kuvu tunakumbuka mwaka wa 2004, ambapo mahindi yaliyoota kuvu yaliwadhuru watu 317 na kuwaua 125, wengi wao katika Makueni na Kitui. Ile ilikuwa sumu iliyoliwa katika chakula. Doa la ukutani si jambo hilo, na weusi wake pekee hauonyeshi ukali wake. Hata hivyo, usiweke unga, mahindi wala nafaka katika chumba chenye unyevu.

Mtafute mwizi

Kabla ya kumwita fundi yeyote, fanya uchunguzi wako. Haugharimu kitu.

Kwanza, washa kiyoyozi kwa saa moja au mbili kisha toka nje utazame mwisho wa bomba la maji. Huku pwani, kiyoyozi kizima lazima kidondoshe maji nje. Kisipodondosha, basi ama hakipoi sawasawa, ama maji yanakwenda kwingine. Na huko kwingine, aghalabu, ni ndani ya ukuta wako.

Pili, kizime kwa siku tatu au nne na utumie feni. Doa likianza kukauka, mwizi umemjua. Lisipokauka, huenda kiyoyozi kinasingiziwa tu na maji yanatoka kwenye paa, bafu la jirani au bomba lililopasuka.

Tatu, kata kipande cha karatasi ya plastiki, ukibandike juu ya doa kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakionekana upande wa ndani, kati ya plastiki na ukuta, maji yamo ukutani. Yakionekana upande wa chumbani, ni jasho la hewa, na dawa yake ni kupitisha hewa na kupunguza ubaridi.

Nne, tazama mahali doa lilipo. Likianza juu na kushuka, fikiria kiyoyozi au paa. Likianza sakafuni na kupanda, na kuna ungaunga mweupe wa chumvi, hayo ni maji yanayopanda kutoka ardhini, na fundi wa eisi hatakusaidia kitu.

Kusafisha kwa mpango

Mwizi akishajulikana, kazi ina utaratibu wake, na ukiuruka umetupa pesa.

Zima kiyoyozi kwenye swichi yake kuu. Maji na umeme havina urafiki, na kifaa kinachodondosha maji si cha kuguswa kikiwa na moto. Mwite fundi azibue bomba, asafishe sinia na mabomba baridi, apime usawa na mteremko, na abadilishe sponji iliyochakaa. Akimaliza usimlipe kabla ya kumimina kikombe cha maji katika sinia mbele yake na kuyaona yakitokea nje. Fundi mkweli hatachukia.

Kisha kausha. Vitu vilivyorowa vikikaushwa katika saa 24 hadi 48, kuvu kwa kawaida haipati nafasi ya kuota. Ukuta uliokunywa maji kwa miezi, lakini, huchukua majuma. Fungua madirisha wakati wa jua, washa feni, sogeza kabati na kitanda mbali na ukuta kiasi cha shubiri.

Ndipo usafishe. Doa lisilozidi mita moja ya mraba unaweza kulishughulikia mwenyewe. Likiwa kubwa kuliko hapo, tafuta watu wenye vifaa. Vaa glavu na barakoa nzuri, ile ya kukaza inayozuia vumbi, kwani ya kitambaa haitoshi. Usikwangue kuvu kavu wala kuifagia, maana utaitawanya nyumba nzima, ilowanishe kwanza. Tumia maji ya sabuni na brashi, kisha futa na ukaushe. Kwenye vigae na plastiki waweza kutumia dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kikombe kimoja kwa lita 4 za maji, madirisha yakiwa wazi. Hapa nasisitiza: dawa hiyo kamwe usiichanganye na siki, dawa ya choo au kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Tena ujue kwamba katika ukuta wa plasta dawa hiyo hung'arisha juu tu, na mizizi ya kuvu ikabaki ndani. Plasta iliyolegea haina budi kubanduliwa.

Nguo zifuliwe na kuanikwa juani. Vitabu vya wanafunzi viwekwe wima, vimefunguliwa, mahali penye upepo. Lakini godoro au mto ulioota kuvu ndani, utupe hata kama roho inauma. Ni nafuu kuliko dawa za kifua.

Kuta za wazee na kuta zetu

Wazee wa pwani hii walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nenda Gede, mji wa kale uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2024, utazame magofu yenye vyoo na visima. Wajenzi wale walijua kwamba nyumba lazima iwe na mpango wa maji. Chokaa yao nayo ilikuwa na faida: hunywa unyevu na kuuachia tena upepo ukivuma.

Leo tunaishi katika kuta za simenti zilizopakwa rangi ya mafuta. Rangi hiyo huziba kama mfuko wa plastiki. Maji yakishaingia kwa nyuma hayana pa kutokea, nayo huivimbisha rangi mpaka ikapasuka. Kwa hivyo wakati wa kupaka utakapofika, na ukuta umekauka kabisa, chagua chokaa au rangi inayopitisha hewa. Na ikiwa ndio kwanza unajenga, panga njia ya maji ya kiyoyozi kabla ya plasta, kama unavyopanga ya bafu.

Mpangaji na mwenye nyumba

Hapa ndipo ugomvi unapozuka. Mwenye nyumba husema mpangaji hafungui madirisha. Mpangaji husema nyumba ni mbovu. Mwisho wake ni pesa za dipoziti kukatwa na watu waliokuwa wakisalimiana kununiana.

Njia ya haki ipo. Kusafisha kichujio kila baada ya majuma mawili ni kazi ya anayetumia kifaa. Huhitaji fundi: kitoe, kioshe kwa maji, kikaushe kivulini, ukirudishe. Lakini bomba lililozikwa ukutani, tundu lililotobolewa vibaya na paa linalovuja ni mambo ya mwenye mali. Haya yaandikwe katika mkataba kabla ya kuingia. Ukiona doa la kwanza, lipige picha kwa simu, mwandikie mwenye nyumba au keyateka siku hiyohiyo, na uweke nakala. Anayenyamaza mwaka mzima ni vigumu kuaminiwa siku ya kuhama.

Mkishindwa kuelewana, kumbukeni kwamba Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inaihesabu nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya kuwa kero inayoweza kuamriwa iondolewe. Afisa wa afya ya umma wa kaunti ndiye wa kuendewa. Lakini, wenye nyumba nao wajue, bomba linalozibuliwa leo ni rahisi kuliko ukuta wa kesho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na kwa kuvu methali hii ni kweli neno kwa neno.

Nanyi wanafunzi mliopanga vyumba karibu na Chuo Kikuu cha Pwani, msiseme hayawahusu kwa kuwa hamna kiyoyozi. Nguo mbichi zinazoanikwa chumbani, sufuria inayochemka mlango ukiwa umefungwa, na dirisha lililozibwa na kabati hufanya kazi ileile. Kanuni haibadiliki: tafuta maji kwanza, kausha pili, safisha tatu, paka rangi mwisho.

Mvua kubwa za masika huku kwetu hukolea mwezi wa Mei, na joto la kaskazi hushika kuanzia Desemba. Mwite fundi kabla ya kila msimu, mara mbili kwa mwaka kwa uchache, kwani chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Na jioni ya leo, kabla ya kulala, washa kiyoyozi chako, toka nje na usikilize. Ukisikia matone yakianguka chini, lala salama. Usiposikia kitu, kesho mwite fundi wa eisi, si fundi wa rangi.